Kama neema ni bure, imani ni ya kazi gani? Tuelezane pole pole

Juzi tulikuwa kwenye matanga huku Mikindani, Mombasa. Mama mmoja wa usharika wetu amefiwa na bintiye baada ya kuuguza miezi mingi, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki wanasubiri chai, mgeni mmoja akainuka kuomba. Maombi yakawa marefu na katikati akatia maneno haya, kwamba laiti imani ya nyumba hii ingesimama imara huyu mtoto angepona. Yule mama alikuwa chini kwenye mkeka, kainamisha kichwa, hakusema kitu. Mie nilikuwa karibu yake nikaona vile vidole vyake vinavyoufinya upindo wa leso.

Tukirudi kwenye matatu watu wakaanza kubishana. Kijana mmoja akasema yeye hana wasiwasi, neema ipo, hata akikosea ashasamehewa. Mzee akamkatiza kwamba bila matendo hakuna kitu, Yakobo ameandika. Mama mwengine akatoa simu akatuonyesha meseji ya mhubiri fulani inayosema mtu apande mbegu ya elfu moja kwa M-Pesa ndo neema ifunguke. Wote watatu wanataja neema, wote wanataja imani, na ukisikiliza vizuri unagundua kila mmoja anazungumzia kitu chake. Na kwa vile wananijua ni Mlutheri (sisi ni wachache Mombasa, mtu akisikia Mlutheri anakuuliza umetoka Moshi kule Tanzania, kwenye Walutheri wengi) wakanigeukia, haya, si ndo nyinyi wa neema peke yake, tuelezeni. Sikuweza kueleza yote kabla ya kushuka kwa hivo naandika hapa.

Nianze na maneno yenyewe, manake mie naamini nusu ya vurugu hii inatoka kwenye lugha. Neema kwa Kiswahili chetu cha kila siku ni baraka ya vitu, ni wingi. Mvua ikinyesha sawasawa mahindi yakakubali tunasema mwaka wa neema, nyumba yenye chakula na mapesa ni nyumba yenye neema. Kwa hivo mtu akiambiwa kanisani neema ya Mungu imekushukia, akili yake inaenda moja kwa moja kwenye kodi ya nyumba iliyolipwa na ploti ya Mtwapa, na simlaumu, ndivyo neno lilivyo masikioni mwake. Lakini Paulo akiandika kuhusu neema kwenye barua zake anazungumzia moyo wa Mungu, jinsi anavyomtazama mtu mwenye kosa, asiyestahili, akamkubali na kumpenda kwa sababu ya Kristo. Hiyo neema unaweza kuwa nayo yote na mfukoni una shilingi hamsini ya nauli tu.

Imani nayo ina maana zaidi ya moja. Tunasema fulani ni mtu wa imani tukimaanisha ana huruma, na wezi wakimpiga mzee tunasema hawana imani hawa. Pia tunasema imani tukimaanisha dini, wewe uko imani gani. Na wengine wanaisikia kama nguvu fulani ya ndani, kama misuli, ukifanya mazoezi inakua na ukiwa nayo kubwa Mungu hawezi kukukatalia. Walutheri wakisema imani wanamaanisha kitu rahisi kuliko hivyo vyote, yaani kutumaini, kumwegemea mtu aliyekuahidi. Kujua tu kwamba Mungu yupo haijawa imani bado, Yakobo huyo huyo wa yule mzee amesema hata mashetani wanaamini na kutetemeka.

Halafu kuna haki, na hili ndo neno linalochanganya watu kabisa. Sisi haki tunaidai, haki yangu, haki za wafanyakazi, nenda kotini utapata haki yako. Sasa Biblia inasema mtu anahesabiwa haki kwa imani, na Mswahili anajiuliza, nahesabiwa haki gani, ya nini? Ichukue kama neno la mahakamani. Mshtakiwa amesimama, hakimu anatamka, na tamko lake ndo linaamua huyu anatoka nje au anarudi ndani. Kuhesabiwa haki ni Mungu kutamka kwamba huyu yuko sawa mbele yangu, simdai kitu. Tamko linatangulia, tabia inabadilika baadaye, na huo mpangilio ushike vizuri kwa sababu mengine yote yanaujengea juu yake.

Haya maneno yana historia hapa hapa kwetu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, Mjerumani aliyelelewa kwenye Ulutheri wa Württemberg ingawa aliyemtuma ni shirika la umisheni la Waanglikana wa Uingereza. Mwaka huo huo mkewe Rosina na mtoto wao mchanga wakafariki, wakazikwa upande wa Nyali, na yeye mwenyewe, pamoja na homa na kilio, akaendelea na kazi ya kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili cha hapa mjini, aliyokuwa ameianza mwaka huo huo. Nikilipita lile kaburi huwa nafikiria hilo. Walioshika kalamu baada yake wakachukua neema, imani na haki, maneno yaliyokuwa tayari yanaishi pwani yenye asili ya Kiarabu, wakayabebesha mzigo wa Paulo, na mie naona walifanya vizuri, ila mzigo wa zamani nao haukushuka. Tunabeba yote mawili.

Martin Luther mwenyewe, yule Mjerumani ambaye sisi Walutheri tunaitwa kwa jina lake, alinaswa pale pale kwenye neno haki, na kwa Kijerumani na Kilatini, kwa hivo tusijione wajinga. Alizaliwa Eisleben mwaka 1483, babake alitaka asome sheria, lakini mwaka 1505 radi ilimpigia karibu akiwa njiani, akaapa kwa woga kwamba atakuwa mtawa, na akaingia kweli. Kule ndani akafunga, akakesha, akaungama dhambi kwa masaa, akitoka anakumbuka nyengine anarudi. Swali lake lilikuwa moja, nitajuaje kama nimefanya ya kutosha? Akisoma Warumi 1:17, kwamba ndani ya Injili haki ya Mungu inadhihirishwa, alikuwa anachukia ule mstari, manake alielewa haki ni ile ya hakimu mkali anayempa kila mtu adhabu yake. Kuja kusoma tena na tena mpaka mwisho, "mwenye haki ataishi kwa imani", akaona kumbe ni haki ambayo Mungu anampa mtu kama zawadi. Alisema baadaye alijihisi kama amezaliwa upya na milango ya peponi imefunguka.

Ndo maana mwaka 1517 alipoona watu wa kawaida wanauziwa vyeti vya msamaha, pesa nyengine zikienda kujenga kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma, alishindwa kunyamaza, akatoa hoja zake 95 pale Wittenberg tarehe 31 Oktoba. Mtu akiniuliza hayo ya miaka mia tano yananihusu nini, namwambia fungua ile meseji ya elfu moja uisome tena.

Sasa mfano. Ninyi nyote wa Mombasa mshavuka Likoni kwa feri. Mwenye gari analipa, lakini anayetembea kwa miguu halipi hata ndururu, unaingia, unasimama, unavushwa. Bure kwako lakini haimaanishi hakuna gharama, mafuta yanachomwa, manahodha wanalipwa mshahara, kuna aliyegharamia. Neema iko hivo. Ni bure kwako na imemgharimu Mungu Mwanawe msalabani.

Na imani ni ipi hapo? Imani ni kule kuingia ukaiachia feri ikubebe. Angalia watu walioko ndani. Kuna dereva wa boda anayevuka mara nane kwa siku, anapiga stori hata maji hayaangalii. Kuna mgeni wa bara, mara yake ya kwanza, kashika chuma kwa mikono miwili anasoma Baba Yetu kimoyomoyo. Kuna mtoto kafungwa mgongoni kwa leso, kalala. Wote watatu wanafika Likoni dakika ile ile. Yule muoga hafiki nusu njia kwa sababu ana wasiwasi, na yule jasiri havuki haraka zaidi kwa sababu ya ujasiri wake, manake kinachovusha ni chombo. Ndivyo Walutheri wanavyofundisha kuhusu imani, thamani yake yote iko kwa yule inayemshika. Imani ndogo inamshika Kristo mzima. Baba mmoja kwenye Marko 9 alisema "naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", yaani kwenye sentensi moja amekiri anaamini na haamini, na Yesu hakumwambia nenda kaongeze kwanza, alimponya mtoto wake.

Hapa ndo nataka kukaa kidogo kwa sababu hapa ndo yule mama aliumizwa. Kosa kubwa la siku hizi, na nimelisikia hata kutoka kwa watu wanaojiita Walutheri, ni kuigeuza imani yenyewe kuwa malipo. Tulishakubali kwamba hatununui wokovu kwa pesa, vizuri, tukakubali hatuununui kwa matendo, vizuri, halafu tukaenda kuununua kwa imani. Mungu ana dawa huku, wewe leta imani kilo mbili, ukileta kilo moja na nusu unarudishwa, na mtoto akifa tunajua mizani ilipungua wapi. Huyo mama anabaki na maiti na hatia juu yake. Mie nasema wazi kwamba hayo si mafundisho ya neema hata kidogo, ni vile vyeti vya mwaka 1517 vimebadilishwa sarafu. Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, kile kitabu kidogo cha mafundisho ya imani tunachowafundishia watoto kabla ya kipaimara, ikifika kwa Roho Mtakatifu inamfundisha mtoto akiri kwamba kwa akili yake na nguvu zake mwenyewe hawezi kumwamini Yesu wala kuja kwake, Roho ndiye anayemwita kwa Injili. Yaani hata ule mguu ulioingia kwenye feri ulisaidiwa kuinuka. Sasa utamlaumu vipi mtu kwa zawadi ambayo si yeye anayeigawa?

Na kupona je? Tunaomba wagonjwa wapone, tunawapeleka hospitali, tunashukuru wakipona. Lakini neema haikuahidi kwamba mwenye kuamini hatafiwa. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake utolewe akajibiwa "neema yangu yakutosha", na mwiba ukabaki.

Hilo kosa likikolea linaua. Mwaka 2023 sisi wa pwani tuliona Shakahola kule kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni, watu ambao inavyoelezwa waliambiwa wafunge kula mpaka kufa wakakutane na Yesu. Sitaki kuwasema marehemu, na watoto wengi walikuwemo. Nataka tu msomaji aone, mtu anayejua Yesu ameshamfikia hawezi kudanganywa kwa urahisi kwamba njaa itampeleka kwake. Kufunga si kubaya. Katekisimu hiyo hiyo inasema kufunga kabla ya Chakula cha Bwana ni zoezi zuri la nje, lakini anayestahili kweli ni yule anayeyaamini maneno haya, "kwa ajili yenu".

Turudi kwa yule kijana wa matatu sasa, kwamba neema ipo basi mtu ajiachie. Swali lake ni la zamani, Paulo mwenyewe aliulizwa akajibu kwenye Warumi 6, tudumu katika dhambi ili neema izidi? Hasha! Watu wanapenda Waefeso 2:8-9, kwamba tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, wakifika hapo wanafunga Biblia, na mstari wa kumi unaofuata unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Matendo yapo, yamehamishwa mahali tu. Yametolewa kwenye kulipia yakawekwa kwenye kuishi. Mnazi hauzai madafu ili upate kuwa mnazi, unazaa kwa sababu ni mnazi, na ukiona miaka inapita hauzai kitu utaulizia mizizi. Kwa hivo mzee wa Yakobo naye hajakosea, Yakobo anamshambulia mtu mwenye imani ya mdomo, anayemwambia mwenye njaa nenda kwa amani ukashibe halafu hampi kitu. Paulo anamjibu anayeuliza nitakubaliwaje na Mungu. Maswali mawili tofauti, ukiyachanganya utawagombanisha bure.

Jirani yangu Muislamu, tunakaa ploti moja mwaka wa tisa huu, aliwahi kuniuliza, sasa nyinyi kama hamuhesabu thawabu mnafanya wema kwa ajili ya nini? Swali zuri kabisa. Nilimjibu kwa vile ninavyolielewa fundisho letu, kwamba Mungu hana haja na wema wangu, mwenye haja ni jirani. Nikishaacha kuhangaika na hesabu yangu kule juu mikono yangu inabaki huru kwa ajili ya watu wa chini hapa. Yeye ana mafundisho yake na mie nina yangu na tuliendelea kunywa kahawa, lakini alisema sasa angalau nimeelewa mnachosema.

Hapo ndo Ulutheri unaingia kwenye maisha ya kila siku na mie naupendea hapo. Enzi za Luther watu waliamini mtakatifu ni mtawa, mwenye familia na kazi ya mikono ni Mkristo wa daraja la chini. Yeye akasema hapana, kila kazi halali inayomsaidia mtu ni wito. Mwaka 1522 akiandika kuhusu ndoa alisema baba akifua nepi za mtoto wake kwa imani, watu wamcheke watakavyo, Mungu na malaika wote wanatabasamu. Kwa hivo mama anayekaanga mahamri alfajiri kule Magongo, na asizidishe bei wala asiuze ya jana, yule ana ibada pale karaini. Kuli wa bandarini, mwalimu wa chekechea, makanga anayemrudishia bibi chenji yake yote, hao wote Mungu anawatumia kulisha na kutunza watu wake. Huhitaji kwenda mlimani siku arobaini.

Na bado utaanguka. Hili watu hawapendi kulisikia. Luther alisema Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, akatoa mfano wa mgonjwa ambaye daktari amemwahidi atapona na amemuanzishia matibabu, ukimpima leo bado ana homa, lakini ni mgonjwa aliye mikononi mwa daktari. Kwa hivo tukianguka tunaungama tunarudi, kila Jumapili, na hatushangai.

Labda nikupe kipimo kimoja ambacho mie nakitumia nikisikiliza mahubiri. Walutheri wanatofautisha Sheria na Injili, Sheria inasema nini natakiwa nifanye, Injili inasema Mungu amefanya nini kwa ajili yangu. Zote ni neno la Mungu, Sheria inanionyesha nilivyo na inamlinda jirani yangu nisimwibie. Sasa wewe sikiliza vitenzi tu. Kama kuanzia mwanzo mpaka amina mtendaji ni wewe, toa, funga, amini zaidi, kesha, panda mbegu, basi siku hiyo umesikia Sheria peke yake, hata kama jina la Yesu limetajwa mara mia.

Na haya si ya Walutheri peke yao, msije mkafikiri naringa. Tarehe 31 Oktoba 1999 pale Augsburg Kanisa Katoliki na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kwamba kwenye msingi wa kuhesabiwa haki kwa neema wanakubaliana, na baadaye Wamethodisti, Waanglikana na makanisa ya Reformed kama Wapresbiteri nao wakaliunga mkono. Tofauti zimebaki lakini mtu akikwambia Wakatoliki wanafundisha ununue wokovu, mwambie asome kwanza.

Nilirudi kwa yule mama siku tatu baadaye, watu washapungua, viti vya kukodi visharudishwa. Hakuniuliza Luther wala Paulo. Aliniambia halali, kila usiku anaomba upya, anahesabu maombi aliyoyaacha siku binti alipozidiwa. Nikamkumbusha bintiye alibatizwa akiwa na miezi miwili, hajui kusema hata mama, hana imani ya kumwonyesha mtu, na Mungu akamwita wake siku ile. Halafu nikamsomea maelekezo ya sala ya jioni yaliyo kwenye Katekisimu, jifanyie ishara ya msalaba, sali Baba Yetu, na ukishamaliza lala upesi kwa moyo mkunjufu.

Akaniuliza, hata kama sikuomba vizuri?

Nikamwambia ndio mama, hata hivo.